Vipande vya Viko: Nani Alikuwepo Kwenye Biashara ya Manyoya?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Thunder Bay, Ontario, na kuhaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu na vijana mliofika, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya mji huu tunaoishi. Wengi wetu tulishuka hapa tukakuta barabara, hospitali na baridi, tukaona hayo yanatosha kuujua mji. Lakini kabla ya reli, na kabla ya yale maghala marefu ya nafaka kule bandarini, mahali hapa palikuwa soko kuu la ngozi za manyoya. Kampuni ya North West ya Montreal ilihamishia makao yake ya bara kwenye mdomo wa mto Kaministiquia mwaka 1803, na mwaka 1807 kituo kikapewa jina Fort William, kwa heshima ya William McGillivray, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo. Yeye ana jina kwenye ramani mpaka leo. Mimi sikuja kumsemea. Nimekuja kusemea takataka zilizoachwa na waliomfanyia kazi.

Takataka ninazozikusudia ni vipande vya viko vya udongo mweupe. Ukienda kwenye kituo chochote cha zamani cha biashara ya manyoya, kuanzia ghuba ya Hudson hadi mto Columbia kule Pasifiki, wanaakiolojia wakichimba hawakosi kuvikuta. Vipande vifupi vya mrija, unene wa kalamu, na vipande vya bakuli lililotiwa tumbaku. Pale Fort Vancouver, kituo kilichojengwa na Kampuni ya Hudson's Bay kwenye mto Columbia mwaka 1824 na 1825, vimetoka kwa maelfu. Na sababu yake ni nyepesi: kiko cha udongo kilikuwa rahisi kununua na rahisi kuvunjika. Bunduki mtu aliitengeneza, chungu cha shaba alikiziba, blanketi aliligeuza nguo ya mtoto. Kiko kikivunjika kilitupwa palepale, na mwenyewe akachukua kingine.

Ndiyo maana nakithamini. Daftari za kampuni zinatueleza habari za wenye hisa, na kuhusu wafanyakazi zinataja hasa deni na mshahara. Kiko hakichagui. Kilivutwa na bwana mkubwa mezani, kikavutwa na mpiga kafi aliyelala chini ya mtumbwi uliopinduliwa, kikavutwa na mke wake, kikavutwa na mtumwa. Ukitaka kujua nani alikuwepo, na lini, anza na vipande hivi.

Kwanza tujue kilitoka wapi, maana safari yake ni ya mzunguko. Tumbaku ni mmea wa Amerika, na kuvuta kwa kiko ni desturi ya watu wa Amerika, ya zamani sana kabla ya merikebu za Ulaya kufika. Mwaka 1588 Mwingereza Thomas Harriot, aliyekuwa ameishi Roanoke kwenye pwani ya Atlantiki, alieleza jinsi wenyeji walivyovuta moshi wa tumbaku kwa viko vya udongo. Waingereza wakaiga. Kabla karne ya 16 haijaisha, London ilikuwa na mafundi wa viko, na mwaka 1619 mafundi hao wakapata hati ya mfalme ya kuunda chama chao. Kutoka Uingereza ufundi ukavuka hadi Uholanzi, ambako mji wa Gouda ulikuja kusifika kwa viko vizuri kuliko vya Waingereza wenyewe. Kisha viko hivyo vikapakiwa melini na kurudishwa Amerika, wakauziwa watoto wa watoto wa wale waliowafundisha Wazungu kuvuta. Biashara ina vituko vyake.

Udongo uliotakiwa ulikuwa mweupe, usio na chuma nyingi, kama ule wa Devon na Dorset kusini mwa Uingereza. Fundi alifinyanga tonge akalivuta likawa na kichwa kinene na mkia mrefu, akaliacha likauke kidogo. Kisha akapitisha waya mkiani taratibu, kwa hisia ya vidole, mpaka karibu na kichwa. Hapo kazi ilikuwa ya ustadi mkubwa, maana waya ukienda upande, mrija umetoboka. Tonge likiwa bado na waya wake liliwekwa ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili, likabanwa, na chuma kingine kikashuka kutoka juu kutengeneza bakuli. Likitoka, mabaki ya pembeni yalikwanguliwa, kazi waliyofanya mara nyingi wanawake na watoto, halafu viko vikaenda tanurini. Vilihesabiwa kwa dazeni, na dazeni 12 zikawa fungu moja la kuuzia. Kwa sababu kila kalibu ilikuwa na umbo lake na alama zake, kila kiko kilibeba sahihi ya karakana kilikotoka. Hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Sasa manyoya. Kisa chote ni kofia. Wanaume wa Ulaya walitaka kofia za kitambaa kizito kisichofumwa, kilichoshindiliwa kwa manyoya, na manyoya bora kwa kazi hiyo yalikuwa ya biva, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno. Nywele zake za ndani zina vijimiba vidogo vinavyoshikana. Biva wa Ulaya walikuwa wamewindwa karibu kumalizika, macho yakageukia huku. Tarehe 2 Mei 1670 mfalme Charles II wa Uingereza aliipa Kampuni ya Hudson's Bay hati ya kufanya biashara katika nchi yote ambayo mito yake inamwagika kwenye ghuba ile, nchi ambayo mfalme mwenyewe hakuwahi kuiona na ambayo ilikuwa na wenyewe. Wafanyabiashara wa Montreal, Wafaransa kwanza na baadaye Waskoti, wakashindana nayo kwa kupitia maziwa makuu. Ushindani ulifika hata kumwaga damu. Mwaka 1821 kampuni mbili zikaunganishwa, na jina lililobaki likawa la Hudson's Bay.

Njia ya Montreal ndiyo iliyopita mlangoni petu. Kila mwezi Mei, barafu ikishayeyuka, mitumbwi mikubwa ya magome ya mti wa betula iliondoka Lachine karibu na Montreal. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 11, ikabeba tani kadhaa za bidhaa. Waliokuwa wakiiendesha walikuwa hasa vijana wa mashambani Quebec, pamoja na Wairoquois na wenyeji wengine. Siku ya kazi ilianza kabla ya alfajiri na kuendelea saa 14 au zaidi. Palipokuwa na maporomoko walishusha kila kitu na kukipitisha nchi kavu mgongoni. Furushi moja lilikuwa ratili 90, yaani kama kilo 41, na desturi ilikuwa kubeba mawili kwa mkupuo mmoja. Kwa kipimo cha bibi zetu, hizo ni frasila tano na ushei mgongoni mwa kijana mmoja, kamba ikiwa imezungushwa kwenye paji la uso. Pale Grand Portage, upande wa Minnesota, njia ya kubebea ina urefu wa zaidi ya kilomita 13.

Katika siku kama hiyo, kiko kilikuwa saa. Baada ya kupiga makafi kwa muda wa karibu saa moja, msimamizi alitoa ruhusa, makafi yakawekwa, kila mtu akajaza kiko chake, akavuta kwa dakika chache, kisha kazi ikaendelea. Mapumziko hayo yakawa kipimo cha njia. Ukiuliza ziwa lile lina urefu gani, ulijibiwa kwa idadi ya viko: ziwa la viko vitatu, ziwa la viko vitano. Upepo ukiwa wa mbele, viko vilikuwa karibukaribu, na ukiwa wa nyuma ziwa lilifupika. Mimi kipimo hicho nakiona cha haki kuliko maili, maana kinapima uchovu wa mtu.

Mrija wa kiko chenyewe wakati huo ulikuwa mfupi. Picha za Ulaya zinaonyesha waungwana wenye viko vya mrija mrefu kama mkono, lakini hicho huwezi kukishika huku mikono yote miwili iko kwenye kafi. Mpiga kafi alikitaka kifupi, akibane kwa meno. Kirefu kikivunjika, aliulainisha mwisho wake kwa jiwe au kisu akaendelea kuvuta. Vipande vyenye alama za meno mahali pasipokuwa mdomo wa asili vimeonekana mara nyingi. Wengine, hasa waliokaa bara mwaka mzima, walichoka na udongo unaovunjika na wakajichongea bakuli la jiwe, la kijivu, jeusi au jekundu, wakachomeka mrija wa mti. Bakuli hizo nazo hutoka kwenye vituo vya zamani, baadhi zikiwa zimechongwa kwa ustadi mkubwa na nyingine zimeachwa nusu, labda kwa sababu jiwe lilipasuka dakika ya mwisho.

Hapa niseme jambo moja kwa heshima ya wenye nchi, Waanishinaabe, ambao ardhi yao tumeikalia chini ya mkataba wa Robinson-Superior wa mwaka 1850. Kiko cha udongo cha dukani na kiko kitakatifu cha wenyeji ni vitu viwili tofauti. Kiko kitakatifu kina bakuli la jiwe, mara nyingi lile jiwe jekundu linalochimbwa Pipestone, Minnesota, na mrija mrefu wa mti uliopambwa. Hutumika kwenye maombi na kwenye kufunga ahadi baina ya watu. Padre Mfaransa Jacques Marquette alipewa kimoja na Waillinois mwaka 1673 alipokuwa akishuka Mississippi, na kikawa ulinzi wake njiani. Kiko cha udongo kilikuwa cha starehe ya kila siku. Hata hivyo, vilikutana mlangoni pa duka.

Kwenye vituo vya Hudson's Bay biashara haikuanza kwa bei. Mkuu wa msafara wa Wakree au Waassiniboine alipofika, alikaribishwa, akaketi na mkuu wa kituo, wakavuta pamoja kimya, hotuba zikatolewa, zawadi zikapita pande zote mbili. Tumbaku na viko vilikuwa miongoni mwa zawadi hizo. Bila hatua hiyo, ngozi zilibaki kwenye mitumbwi. Wakurugenzi kule London walilalamikia gharama ya zawadi, nao maofisa wa huku wakajaribu kuwaeleza kwamba hapa mtu hafanyi biashara na asiyekuwa ndugu au rafiki yake. Nadhani ninyi hamhitaji maelezo marefu juu ya hilo.

Na tumbaku ilikuwa ya wapi? Mtu angetarajia Virginia, koloni la Waingereza wenyewe. Lakini wateja wa ghuba ya Hudson walikuwa na ulimi wa kuchagua. Walitaka tumbaku ya Brazili, ya msokoto mrefu kama kamba, iliyopakwa molasi ikawa nyeusi, tamu na yenye unyevu. Kampuni ilijaribu kuwapa nyingine, ikashindwa, ikalazimika kununua ya Brazili kupitia Lisbon. Sasa sikilizeni. Tumbaku ya namna hiyohiyo, ya msokoto na molasi, kutoka mashamba ya Bahia, ndiyo wafanyabiashara wa Bahia waliyoipeleka Afrika Magharibi, kwenye pwani ya Benin, kununulia watu. Na miongoni mwa walioilima Bahia walikuwamo Waafrika walionunuliwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo moshi uliopanda juu ya barafu za York Factory, kituo cha Hudson's Bay kwenye ghuba ile, ulikuwa na jasho la Mwafrika ndani yake, ingawa mvutaji hakuwa na namna ya kujua. Wakati mwingine wavutaji waliichanganya na majani na magome ya mimea ya huku, kama wafanyavyo wenyeji hata leo, ili tumbaku idumu na ladha ipendeze.

Nilisema kiko kilikuwa saa ya mpiga kafi. Kumbe kimekuwa saa ya wanaakiolojia pia, na sehemu hii naomba tuikalie kidogo.

Mwaka 1954 mwanaakiolojia J. C. Harrington, aliyekuwa amechimba Jamestown, Virginia, alichapisha jambo alilolibaini kwa kupima matundu ya mirija. Alichukua mirija 330 iliyojulikana umri wake, akapima upana wa tundu kwa sehemu za 64 za inchi. Ni kazi ya kuingiza ncha ya keekee, moja baada ya nyingine, mpaka upate inayoingia sawasawa. Akaona kwamba tundu lilipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Kati ya 1620 na 1650 matundu mengi yalikuwa na upana wa 8 kati ya 64. Kufikia 1680 hadi 1710 yalikuwa 6. Kati ya 1710 na 1750, 5. Na 1750 hadi 1800, 4. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba tumbaku ilipoendelea kuwa rahisi, bakuli lilikua na mrija ukarefuka ili moshi upoe, na mrija mrefu ulihitaji waya mwembamba.

Miaka michache baadaye, Lewis Binford, ambaye alikuja kuwa mmoja wa wanaakiolojia mashuhuri wa Marekani, alikuwa akishughulikia viko vya Fort Michilimackinac. Hicho ni kituo cha manyoya kilichojengwa na Wafaransa karibu mwaka 1715 kwenye mlangobahari unaounganisha ziwa Michigan na ziwa Huron. Waingereza walikitwaa mwaka 1761, na mwaka 1781 wakakihamishia kisiwani Mackinac. Binford aligeuza jedwali la Harrington kuwa hesabu. Chukua wastani wa matundu yako yote, uzidishe kwa 38.26, kisha toa jibu hilo kwenye 1931.85. Kinachobaki ni mwaka. Kama wastani wako ni 5, hesabu inakupa mwaka 1740 na ushei.

Niliposoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Vipande vilivyotupwa na watu ambao hawakujua kusoma vinakuandikia mwaka! Lakini hebu itazameni vizuri ile 1931.85. Maana yake ni kwamba tukiifuata hesabu mpaka mwisho, mwishoni mwa mwaka 1931 kiko kingekuwa hakina tundu kabisa, na walimwengu wangekuwa wanavuta vijiti. Hesabu inafanya kazi vizuri kwa viko vya Waingereza vya karne ya 17 na sehemu kubwa ya ile ya 18, na inahitaji vipande vingi, si vitatu wala vinne. Ikipita 1780 hivi inavurugika, kwa sababu mirija ilirudi kuwa mifupi na matundu yakaacha kupungua. Tena, kituo kilichokaliwa miaka 60 kina mwanzo na mwisho, na wastani unakupa katikati tu. Michilimackinac yenyewe ilikaliwa kwa muda wa namna hiyo. Kwa hapa Fort William, iliyoanza 1803, keekee haina kazi. Hapa inabidi usome umbo la bakuli na alama za fundi.

Alama nazo zina ujanja wake. Maarufu kuliko zote Amerika Kaskazini ni herufi TD zilizogongwa kwenye bakuli. Huenda mwenyewe wa kwanza alikuwa fundi wa London, Thomas Dormer, wa katikati ya karne ya 18. Viko vyake vikapendwa, mafundi wengine wakaziiga herufi, na zikaendelea kuigwa kwa zaidi ya miaka 100 katika nchi mbalimbali, mpaka wateja wakawa wanaomba "TD" bila kujali nani katengeneza. Kwa hiyo ukiokota TD usikimbilie kusema umepata kiko cha Dormer. Kuna alama zinazosema kweli zaidi. Fort Vancouver imetoa viko vyenye jina la Ford wa Stepney, London, na vinatoa picha ya njia ya bidhaa za Hudson's Bay: kutoka mtaa mmoja wa mashariki mwa London, kwa meli, kuzunguka Cape Horn, hadi Columbia. Baadaye yanakuja majina ya Glasgow, kama McDougall na White, na ya Montreal, kama Henderson na Bannerman. Na kama kipande kina neno "Scotland" au "England", basi kuna uwezekano mkubwa ni cha baada ya 1890, maana mwaka huo Marekani ilitunga sheria ya kutaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Kofia za biva wakati huo zilikuwa zimeshapitwa na kofia za hariri kwa nusu karne.

Nimesema vipande hivi vinatuambia nani alikuwepo. Niwape ushahidi, na nianzie kwenye meno. Udongo uliochomwa unasaga. Mtu akibana mrija pembeni mwa mdomo kwa miaka mingi, meno ya juu na chini yanalika, na akiuma, panabaki tundu la mviringo kati yao. Mifupa iliyozikwa karne za 17 hadi 19, Ulaya na Amerika, imeonekana na alama hiyo, ya wanaume na ya wanawake.

Wanawake daftari za kampuni ziliwasahau zaidi ya wote. Kijiji kilichokuwa nje ya ngome ya Fort Vancouver kilikaliwa na Wafaransa wa Kanada, Waskoti, Wairoquois, Wahawaii wengi, na wake zao, ambao wengi walikuwa Wachinook, Wakree na wa makabila mengine. Wanawake hao ndio walioshona viatu vya ngozi, waliokwangua ngozi, waliofunga kamba za viatu vya kutembelea juu ya theluji. Vipande vya viko vimelala kwenye nyumba zao pamoja na shanga na sahani zilizovunjika. Siwezi kukuonyesha kipande nikasema hiki kilivutwa na mke na hiki na mume, na atakayekuambia anaweza, muulize kwa vipi.

Ila kuna kipande kimoja ambacho tunaweza kukisemea, ingawa hakikutoka kwenye biashara ya manyoya. Kilitoka Belvoir, Maryland, kwenye makazi ya watumwa. Udongo wa kiko hunyonya mate, na mate hubeba vinasaba. Timu iliyoongozwa na mwanaakiolojia Julie Schablitsky ilifaulu kupata vinasaba kwenye mrija, na mwaka 2019 ikatangaza kwamba mvutaji alikuwa mwanamke, na kwamba ndugu zake wa karibu kwa damu ni Wamende wa Sierra Leone. Jina lake halimo kwenye kitabu chochote tunachokijua. Kiko kimetaja asili yake.

Kwa upande mwingine, hamu yetu ya kujiona kwenye historia inaweza kutupotosha. Katika Virginia na Maryland ya karne ya 17 kulikuwa na viko vya udongo mwekundu, vilivyotengenezwa hukohuko na kupambwa kwa vijitundu vilivyojazwa rangi nyeupe. Baadhi ya wanaakiolojia walisema michoro hiyo ina asili ya Afrika Magharibi. Wengine wakajibu kwamba wenyeji wa Virginia waliichora kabla Mwafrika yeyote hajashushwa huko. Mimi kama Mwafrika natamani wa kwanza wawe sahihi. Nikiangalia hoja, naona wa pili wana nguvu zaidi, na pengine mikono ya watu wa asili zote ilishirikiana kwenye karakana zilezile.

Hatuna haja ya kulazimisha, maana Waafrika kwenye biashara ya manyoya wapo, tena kwa majina. Jean Bonga na Marie-Jeanne waliletwa Mackinac wakiwa watumwa wa kapteni Mwingereza Daniel Robertson, aliyeamuru ngome ile miaka ya 1780. Wakapata uhuru, wakaoana rasmi mwaka 1794, wakafungua nyumba ya wageni kisiwani, na nyumba ya wageni ya zama zile bila viko haikuwezekana. Mwana wao Pierre aliajiriwa na Kampuni ya North West, akafanya kazi bonde la mto Red pamoja na Alexander Henry mdogo, akaoa Mwojibwe, mmoja wa Waanishinaabe. Mtoto wa Pierre, George Bonga, alizaliwa karibu 1802 pande za ziwa Superior, ziwa hilihili, akasomeshwa Montreal, akazungumza Kiojibwe, Kifaransa na Kiingereza, akawa mkalimani na mfanyabiashara wa manyoya kule Leech Lake, Minnesota. Alikuwa jitu la mtu, na habari za mizigo aliyobeba njiani zimekuwa ngano, nyingine sizisadiki. Alifariki 1874. Wajukuu wa ukoo huo wapo Minnesota, wengi wao wakiwa Waojibwe. Vijana mnaosoma hapa, mwalimu akikwambia biashara ya manyoya ilikuwa ya Wafaransa, Waskoti na Wahindi Wekundu tu, mtajie Bonga. Na mwambie pia kwamba hilo jina la mwisho siku hizi si la adabu.

Kiko cha udongo hakikufa ghafla. Katikati ya karne ya 19 vilikuja viko vya mizizi ya mti, visivyovunjika, kisha sigara ikafagia vyote. Karakana za Montreal zilifungwa mwanzoni mwa karne ya 20. McDougall wa Glasgow walivumilia hadi 1967.

Nimalize na swali aliloniuliza dada mmoja mlangoni kabla hatujaanza: mwanawe ameokota kipande kando ya mto, je, wakiuze? Dada yangu, hapana. Chini ya Sheria ya Urithi ya Ontario, kuchimba eneo la kale au kuondoa vitu vyake bila leseni ni kosa. Kipande kilichoko mezani kwako ni udongo mweupe tu. Kilipokuwa kimelala, jirani na nini na kwa kina gani, ndiko kuliko na habari. Mkikiona, msikitoe. Kipigeni picha pamoja na sarafu ya kuonyesha ukubwa, andikeni mahali, kisha wapeni taarifa wizara inayohusika na urithi au jumba la makumbusho, na kama ni kwenye ardhi ya Fort William First Nation, jamii ya Waanishinaabe wa hapa, wenyewe wajulishwe kwanza. Huyo mtoto aliyekwisha kukiokota asigombezwe. Aende na mama yake aonyeshe alipokipata, wakati bado anapakumbuka.

Asanteni kwa kunisikiliza.